Wasifu wa Fundi Nyundo, Aliyekataa Kumpiga Aliyesimama

Ndugu, jamaa na majirani, haya ni maisha ya mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Nyundo. Maneno haya yamo pia kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Mwenye simu mkononi aiweke mfukoni kwa dakika chache. Marehemu aliwasikiliza ninyi miaka mingi, hata mliposema upuuzi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, kitinda mimba wa mwashi na mshonaji, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Mvua ilikuwa inanyesha, na baba yetu alikuwa juu ya paa akiziba bati lililovuja juu ya kitanda cha mama. Alipopigiwa kelele kwamba amepata mtoto wa kiume, aliuliza kwanza kama maji yameacha kudondoka, ndipo akateremka.

Alianza shule ya msingi Januari 1962 na kumaliza darasa la saba mwaka 1968. Nyumba yetu haikuweza kusomesha wawili, kwa hiyo mimi kaka yake niliishia darasa la nne nikaenda kufagia kiwanda cha uchapaji. Huko nilijifunza kusoma kwa kupanga herufi za risasi kinyumenyume, na baadaye nikawa msahihishaji. Nilimwonea wivu kidogo, na leo si siku ya kuficha. Yeye vitabu havikumkaa. Alichopenda ni kunyoosha vitu. Sufuria za mtaa mzima zilizobonyea aliletewa yeye, akazirudisha zikiwa hazina hata kovu.

Mwaka 1969 alipokewa kwenye gereji moja kujifunza kunyoosha bodi za magari. Fundi mkuu wa pale alimnyima nyundo kwa miezi minane. Kazi yake ilikuwa kupapasa milango na mabawa ya magari kwa kiganja, macho yamefumbwa, na kusema bonde, yaani mahali palipobonyea, limeanzia wapi. Hivyo ndivyo ufundi ulivyofundishwa. Siku hizi kijana hujifunza wiki mbili, na asichoweza kukinyoosha hukifunika kwa puti, akapiga rangi, akajiita fundi.

Kuanzia 1972 marehemu aliendesha lori la gereji hiyo la kuvuta magari yaliyoharibika safarini. Barabara za wakati ule zilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: ukikuta mwenzako amesimama, nawe unasimama. Huulizi ni nani. Aprili 1976 alikuta gari dogo limekatika mkanda wa feni, akasimama, akashinda pale tangu asubuhi hadi alasiri akilitengeneza. Mwenye gari alikuwa mkali, hakumpa hata asante, ila alikuwa na binti. Tarehe 20 Agosti 1977 marehemu alifunga ndoa na binti huyo, na yule mzee mkali akawa mkwe wake. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Mwaka uliofuata ndoa alifungua gereji yake nyuma ya soko, ambayo nyote mnaijua kwa harufu yake ya rangi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine wenu mmekuwa mkinong'onezana tangu asubuhi kama nitalitaja. Nitalitaja.

Mwaka 2001 binti yake mkubwa alinunua kompyuta kuukuu ya kujifunzia kuchapa. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa magari yanayopigana. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Marekani ambayo haikuwahi kuwapo: imeshindwa vita, mafuta yameadimika, majimbo yametengana yakawa nchi, na barabara kuu zimetekwa na watu waliofunga bunduki kwenye paa za magari. Mchezaji ni dereva wa posta. Hubeba mfuko wa barua kutoka jangwani, akavuka majimbo kumi na manne mpaka baharini, huku akishambuliwa njia nzima. Marehemu aliutazama siku moja tu, akasema aliyeuunda anajua bodi, kwa sababu gari likigongwa linabonyea mahali panapostahili. Binti hakuiona tena kompyuta yake. Ilihamia gereji, ikafunikwa nailoni isiingie vumbi la rangi, na wateja wakawa wanacheza wakisubiri magari yao yakauke. Mkewe aliita mashine ile mke mwenza, na aliposema chakula tayari alimwambia amuage kwanza huyo mwenzake.

Mimi sikupendezwa. Nilikwenda na atlasi na kitabu cha historia, nikamwonyesha ukurasa kwa ukurasa kwamba vita vile havikupiganwa, na mipaka ile ya majimbo haipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, najua. Ndiyo maana unaitwa mchezo." Wateja walicheka. Sikurudi pale miezi mitatu.

Alivuka majimbo kumi na matatu. Jimbo la mwisho lilimshinda miaka kumi na saba, na kila mteja alijua sababu. Kabla ya bahari kuna kituo cha mafuta, na adui wa mwisho, mwenye gari jekundu, husimama pale kujaza. Mchezo umepangwa umpige akiwa kwenye pampu. Akishaondoka, gari lake lina kasi kuliko lako, na hakuna anayempata. Marehemu hakumpiga hata mara moja. Alisimama nyuma yake, akamngoja amalize, akamfukuza, akachomwa moto. Dereva mmoja wa teksi alimwambia, "Fundi, utazeekea jangwani wewe." Akajibu kwamba kuzeeka atazeeka popote, ila mtu aliyesimama hapigwi. Hiyo ikawa sheria ya gereji. Aliyeivunja alizimiwa mashine na kuelekezwa mlango.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2011. Jicho la kushoto lilizimika 2016, la kulia Februari 2018. Aliendelea kupapasa bodi na kuwaelekeza vijana wake mpaka figo zilipokataa. Septemba mwaka huu daktari wa hospitali ya rufaa alimrudisha nyumbani, na sote tulielewa maana yake. Siku ya tatu aliniita kitandani. Hakutaka kuombewa radhi wala kusomewa chochote. Alitaka kufika baharini kabla hajafa, na alitaka mikono yangu.

Nilikuwa na miaka sabini na moja, na sikuwahi kushika mchezo wowote. Mashine iliwekwa kando ya kitanda, nikawa nakaa nayo kila siku baada ya chakula cha mchana. Njia yote aliijua kwa moyo. Ukipita daraja hesabu sita, kata kushoto. Ukisikia mlio wa kreti la mbao likigongwa, punguza. Nilipogonga alijua nimegonga wapi kwa sauti tu, na akanieleza nyundo ngapi zingehitajika. Aliniambia naendesha kama ninayesahihisha gazeti, kila neno narudi nyuma. Tulicheka wiki hizo kuliko miaka hamsini iliyotangulia.

Jumanne tarehe 12 Novemba tulifika kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa amechoka sana, anapumua kwa mdomo. Gari jekundu lilikuwa limesimama kwenye pampu. Nilimtazama mdogo wangu, nikaona hana siku nyingine. Nikapiga. Bahari ikatokea, muziki wa ushindi ukalia chumba kizima, na mkewe akaja mbio kutoka jikoni akipiga vigelegele.

Marehemu aliacha muziki uishe. Kisha akauliza, "Kaka, umempata wapi?"

Ningeweza kusema barabarani. Hakuwa na macho ya kuona. Nikasema, "Kwenye pampu."

Akanishika mkono, akaupapasa kama anayetafuta bonde, akasema, "Basi hatujafika. Rudi nyuma."

Tukarudi. Jumatano nilimngoja yule wa gari jekundu ajaze tangi, nikamfukuza, tukachomwa moto. Alikufa Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, saa nne asubuhi, kabla hatujaanza tena.

Binti yake mkubwa, katika rasimu ya karatasi hii, aliandika kwamba baba yake aliumaliza mchezo, kwa kuwa mashine imemwandika mshindi. Nimeifuta sentensi hiyo. Hakufika baharini. Njia ya kufika aliijua miaka kumi na saba, akaikataa mpaka mwisho, na mimi ninayelalamika kila siku kwamba adabu zimekwisha ndiye niliyepiga.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, vijana wanne aliowafundisha kazi, na kaka mmoja.

Apumzike kwa amani, asiharakishwe na mtu.