Nani Alichomoa Waya

Sogeeni karibu, wanangu, wewe dada mtu upande huu wa dripu na wewe mdogo wake upande wa dirisha, maana nesi ameshanichoma sindano ya kunilegeza, amesema nina dakika ishirini kabla ya kitanda hiki kwenda chumba cha upasuaji, na tano kati ya hizo nimezimaliza kumtania yeye. Daktari anasema moyo wangu utasimamishwa kwa saa mbili kisha utawashwa tena. Nikamuuliza, "Na ukigoma kuwaka?" Akatazama viatu vyake. Kwa hiyo nitakayosema yashikeni kama maneno ya mwisho, na nikirudi nichekeni, nitafurahi kuchekwa.

Nyumba isiwagombanishe. Karatasi ziko kwa shangazi yenu, kila mmoja ana vyumba vyake, na ukuta wa katikati msijenge. Nataka kugawa kile ambacho mwanasheria alikataa kukiandika akidhani namfanyia mzaha.

Mnanijua. Miaka arobaini nimetengeneza mitambo ya baridi kwenye meli za mizigo, na kila bandari wenzangu walipokimbilia baa, mimi niliulizia ukumbi wa gemu, nikapigwa na majitu ya skrini katika lugha nisizozijua. Bandari moja, mama mkata tiketi, mzee mwenye miwani minene kama kitako cha chupa, alinisukuma kwa kiwiko, akapita hatua iliyonishinda wiki nzima, akarudi kukata tiketi bila hata kunitazama. Siku hiyo nikajua ninachokipenda. Sipendi gemu ya kunibembeleza. Napenda ile ya mtu wako kwenda upande wa kulia tu, roho tatu basi, hakuna kuhifadhi ulipofika, na ukisharuka hugeuki hewani, umeamua umeamua. Ukifa, umejiua mwenyewe. Dada mtu, hilo ulilirithi, ila wewe una subira nisiyokuwa nayo: unamwacha adui arushe upanga, unaukinga, ndipo unapiga. Mdogo wako anapenda hizi mpya za kufa mara mia na kuamka palepale, mbio tu, kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja. Nilikuwa naziita gemu za waoga. Leo nalifuta neno hilo, kwa sababu anayekubali kufa mara mia mbele za watu si mwoga. Mwoga ni mimi.

Msiitazame hiyo mashine inayolia. Nitazameni mimi.

Mnaikumbuka ile kaseti ya gemu, ya kijivu, yenye daraja la minyororo. Nilikuwa nimeicheza miaka kumi na tisa, kila likizo, na daraja sijalivuka. Mchana mmoja wewe dada mtu, una miaka kumi na mitano, ukalivuka, ukasimama mbele ya mlango wa jitu la mwisho ukiwa na roho moja, ukasimamisha gemu, ukaenda jikoni kunywa maji utulize mikono kwanza. Uliporudi, skrini nyeusi, waya umechomolewa ukutani, na mdogo wako amesimama pale na mpira wake kwapani. Alisema, "Dada, haki ya Mungu si mimi." Ukampiga kofi. Nami nikatokea mlangoni na uso wa hakimu, nikamwambia, "Muombe dada yako radhi." Akakataa. Nikamfungia gemu mwaka mzima, si kwa sababu ya waya, nilisema, ila kwa sababu ya uongo.

Miaka ishirini sasa. Harusi ya dada yako hukwenda. Mtoto wa mdogo wako hujawahi kumbeba. Hata leo mnaongea kupitia kwangu, kama mimi ni kaunta ya posta.

Waya niliuchomoa mimi.

Kaa chini, baba. Kaa, nakuomba, utanipigia kelele nikimaliza. Dada yako alipoingia jikoni nilikaa kwenye kiti chake, bado cha moto. Nilitaka kuliona hilo jitu tu. Nikashika padi ya kuchezea, nikafungua mlango, likanijia, nikaruka mapema kama kawaida yangu, na hewani sikuweza kugeuka. Roho yako ya mwisho, dada mtu, niliimaliza kwa sekunde nne. Nikasikia bomba la jikoni linafungwa. Ningeweza kusema samahani, tukacheka. Lakini fundi mkuu mzima ataanzaje? Nikachomoa waya ili skrini isinitolee ushahidi, nikapita mlango wa nyuma, na mtoto akaingia kufuata mpira. Nilipomkuta amesimama pale, nilimwacha abebe. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasema, na kila mwaka nikapanda meli.

Nesi, binti yangu, naona umefungua breki za kitanda. Mwambie daktari bado natafuta soksi.

Sikilizeni sasa, ulimi unakuwa mzito. Nyumbani mashine ya gemu inawaka, gemu nimeisimamisha, leo siku ya tisa, na nimemkataza shangazi yenu hata kupitisha ufagio karibu na soketi. Daraja nimelivuka, wanangu. Niko mbele ya mlango uleule, na roho moja, na hapo ndipo kifua kiliponibana. Roho ile si yangu. Ni yako, dada mtu, nakurudishia. Mkitoka hapa nendeni wote wawili, gari moja. Kabla hujashika padi, nenda jikoni ukanywe maji. Taratibu, glasi nzima. Na wewe, baba, kaa karibu na soketi, usiguse kitu, subiri tu. Dada yako akirudi aikute inawaka, na wewe uko pale. Umeme ukikatika, ni umeme. Msilaumiane tena.

Kaseti iwe ya wote. Mimi nisameheni mkiweza, kwanza wewe baba, na usipoweza leo sitakuhesabia.

Mungu awape mikono mitulivu. Awape... nini tena... watoto wenu wawaambie ukweli, na ninyi muwaambie.

Ah, tunaondoka. Taa za dari zinapita moja moja, mnaona? Kwenda kulia tu. Usimwachie mkono mdogo wako... Hivyo. Hivyohivyo.

Na mlango ukifunguka... mwanangu... usiruke mapema.