Kibandiko Mgongoni mwa Pak Cik Saidin

Mheshimiwa mama Mkurugenzi wetu, Puan Norlela. Kapteni Arumugam, uliyekubali kuketi meza moja na sisi. Mak Cik Khatijah, shangazi yetu sote, mke wa tunayemuaga. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wapakiaji wenzangu ambao leo mnatazama viatu vyenu: nawasalimu kwa heshima.

Nimechaguliwa kusema kwa sababu nina sauti kubwa, si kwa sababu nina elimu. Niliacha shule kwetu kisiwani Flores nikiwa darasa la sita, na miaka yangu hapa uwanja wa ndege wa Penang nimeimaliza nikiinua makasha ya watu na kuyaingiza katika matumbo ya ndege. Mtanivumilia.

Mnamjua Pak Cik Saidin, mjomba wetu sote, aliyekuwa msimamizi wa zamu yetu. Hasira zake ziko karibu. Mimi nikiburuta kasha la betri, ananijia juu: "We Frans, hizo ni betri au mapapai? Zikishika moto huko angani, nani atashukia dirishani?" Tulimwogopa, tukampenda, tukamtania. Na utani wetu wengi wenu mliuona: vile vibandiko vyeupe vyenye picha ya betri inayowaka, tulivibandika kwenye makabati, kwenye vikombe vya chai, kwenye mgongo wa mwenzetu aliyeamka na kisirani. Kitu kinachomwambia rubani kwamba hapa pana moto uliolala, sisi tulikifanya mchezo.

Siku ile ya mkasa vibandiko vya akiba vilikuwa vimekwisha. Mmoja wetu akabandua kilichokuwa kwenye kasha la betri, akampiga Pak Cik kofi la mgongoni kama anayemsalimu, kikabaki hapo. Sitamtaja mwenye mkono. Alikwenda mwenyewe kwa Puan Norlela kusema, na vicheko vilikuwa vyetu sote.

Pak Cik akaja mlangoni mwa ndege na tochi yake.

"Kasha la betri silioni. Kibandiko kiko wapi?"

"Kipo, Pak Cik. Karibu yako kabisa."

"Una hakika, wewe?"

"Labda macho yamezeeka, mzee."

Akageuka kutazama, nasi tukaiona ile picha ya moto mgongoni mwake, tukaziba midomo. Alituamini, akaruhusu mlango ufungwe. Kasha lile, ambalo lilipaswa kukaa mbele ili marubani walifikie na mtungi wa kuzimia moto, lilikuwa nyuma, chini kabisa, limelaliwa na mengine.

Kapteni, yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulinusa moshi mkiwa juu ya bahari, ukaigeuza ndege, na mwenzako akawa anakusomea vipimo kwa sauti kwa kuwa moshi ulikuwa umekufumba macho. Mlishuka hai. Lakini kama msingeshuka, watoto wenu wangeambiwa nini? Kwamba baba zao waliungua kwa sababu watu wazima walikuwa wanacheka?

Jioni ile, Mak Cik, ulikuwa unafua shati la mumeo ukakikuta kibandiko. Kesho yake Pak Cik alikileta kazini, akakiweka mezani mbele ya wachunguzi, akasema, "Kilikuwa kwangu. Nilipaswa kujua." Sisi hakututukana. Laiti angetutukana. Akavuliwa usimamizi, naye akaomba kustaafu.

Tangu siku hiyo anaketi mgongo ukiwa ukutani. Wakati wa chai, ukutani. Akipita katikati yetu anapita kiubavuubavu. Hata sasa, tazameni alipoweka kiti chake. Hakuna aliyethubutu kulisema hili, basi nalisema mimi: mtu aliyekesha akiangalia usalama wetu hana tena raha ya kutugeuzia mgongo.

Tulitaka kukununulia saa, Pak Cik, ukakataa, na ulikuwa na haki. Puan Norlela, tunashukuru kwa ukumbi na kwa wali huu wa nazi. Kapteni, tunashukuru umekuja kabla hatujapata uso wa kukualika.

Wenzangu wameniagiza ombi moja tu. Ukimaliza kula, Pak Cik, usitokee mlango wa jikoni ulio kando yako. Pita katikati ya ukumbi mpaka lango kubwa, utupe mgongo njia nzima. Mikono yetu itakuwa juu ya meza, yote. Itazame kwanza, kisha ugeuke. Na ukiona huwezi, mlango wa jikoni uko wazi, hatutakulaumu.

Kwa kunisikiliza mpaka hapa, ndugu zangu, asanteni. Wapakiaji, wekeni mikono mezani.