Isale la Mgeni

Sogeeni, wanangu. Jesse, funga kwanza huo mlango. Winfrida, kikombe cha uji kiache hapo hapo nikione, sinywi, na nisiulizwe kwa nini.

Kihamba, hili shamba la babu zenu, nimeshawagawia mbele ya ukoo, sina la kuongeza. Neno langu leo ni lile friza la stoo. Mle mna damu na maji niliyokusanya Mabogini miaka yote niliyofundisha chuo, kwa akina mama wapanda mpunga ambao mikono inawatetemeka kabla hawajazeeka. Nikiwauliza kama wanatumia sumu ya wadudu, wanasema, hapana mwalimu, tunatumia dawa. Dawa! Tangu nitangaze utafiti ule, umeme wa nyumba nzima upo, wa stoo tu ndio unakatika. Mnaniambia ni panya. Panya gani huyo anayechomoa plagi?

Juzi mlimwona yule bwana wa kampuni ya dawa za mashamba. Mtu wa mbali, hata shikamoo ilimpa shida. Lakini mkononi ana nini? Isale! Jani la kuombea msamaha, ambalo wazee wetu hawakulikataa hata lilipoletwa na aliyemwaga damu. Akapiga magoti mbele ya mchungaji, akaomba tuyamalize, nimkabidhi friza. Nikalipokea, maana nilikuwa Mchagga kabla sijawa profesa. Nanyi mkashusha pumzi. Loo, mlidhani mama yenu amekwisha!

Isale nimepokea, friza sikutoa. Na mtu haji na isale kama hana kosa. Miaka yote kampuni yake imekana, na juzi amekiri mwenyewe, mchungaji akisikia.

Kinachoniuma ni kingine. Yule hakuzaliwa mlimani. Nani alimfundisha? Shina la isale naliona kwa dirisha hili, pale mpakani, limekatwa bichi, na limekatwa upande wetu. Sitaki kumjua aliyekata. Naongopa, nataka sana, ila pumzi... ngojeni.

Winfrida, ufunguo wa stoo uko shingoni mwangu. Nikifa uuvue kabla hamjaniosha, umpe Eliufoo, yule mwanafunzi wangu. Friza ni lake, asiguse mwingine. Mnizike kando ya baba yenu. Na aliyemkatia mgeni isale... alipande kichwani pa kaburi langu, kwa mkono wake. Nitalipokea. La mwanangu nitalikataaje?

Mungu awashike... awashike wote wawili. Jesse, baba, usilie sasa. Jembe liko nyuma ya mlango.