Nilikula Vya Mukebe Tu

Bandugu, na bamama wa likelemba yetu, hii ya kuchangiana feza kwa zamu, munaniona nimesimama. Papa wa pale nyuma anacheka, nimekuona. Nisikieni kwanza.

Mimi nilitoka jeshi na tabia moja: sili chakula kama sikuona nani amepika. Kambini nilizika mwenzangu, batu bakasema ni sumu. Basi nilipostaafu, hapa Kisangani, nikakataa hata fufu na pondu, majani ya muhogo, ya bibi yangu niliyemuoa mwenyewe. Nilisema, huyu anataka pensheni yangu. Nikala vya mukebe tu: sardini, maziwa ya sukari, biskuti, na soda ya chupa inayofunguliwa mbele ya macho yangu.

Bon, nikanenepa. Jirani bakasema, mukubwa iko na feza! Nawaambia bandugu, haikuwa feza, ilikuwa woga. Batu ba toleka, ba kubeba abiria, bakiona uzito wangu bananikimbia na baskeli zao. Halafu miguu ikavimba, kidonda cha kidole kikakataa kupona. Nikasema, bamenipata.

Daktari wa kwanza akasema sukari. Nikasema, huyu anataka feza. Wa pili, sukari. Nikasema, bamepigiana simu! Wa tatu nikauza mabati ya nyumba kumulipa, na yeye akasema: "Papa, ni sukari. Ukiendelea hivi, tutakata muguu." Dawa zake nikatupa mtoni.

Siku moja nikaanguka njiani kule Simi-Simi, saa sita mchana. Nilipoamka niko hospitali, na bibi yangu amekaa na sahani ya samaki na pondu. Nikageukia ukuta.

Hakupiga kelele. Akasema: "Papa, kila usiku unalala pembeni yangu. Kama ningetaka kukuua, ningekungojea kwenye sahani?"

Nikacheka, alors nikalia. Nikakula yote, hata mifupa nikafyonza.

Muguu bado ninao, muuone. Natembea kila asubuhi, tumbo limepungua. Mabati hayajarudi, mvua inatupiga. Lakini dawa nilipata kwa sababu likelemba ilinipa zamu yangu mapema. Asante. Hata siku ile nilijiuliza munatafuta nini kwangu, munisamehe.

Bandugu, bazee ba jeshi, musimalize feza kwa kutafuta daktari wa kusema munachotaka kusikia. Bado mimi ni mutu wa kushuku, sitawadanganya. Lakini nyumbani ninakula.