Sufuria Iliyolala Kwenye Mafiga

Wapendwa wa usharika huu, shikamooni wakubwa wangu, kama bado wamo humu wanaonizidi umri. Mchungaji hakunisukuma kusimama. Nimeomba mwenyewe, na tangu asubuhi miguu inataka kurudi nyumbani.

Mnanijua. Shule niliiacha hata jina langu sijajua kuliandika vizuri. Nimebeba kabichi za watu kichwani mpaka nikapanda za kwangu, nikajenga nyumba ya matofali, nikasomesha. Kwa hiyo mtu akitaka kunifundisha jambo, huwa natazama kwanza yeye amejenga nini. Huo ndio ugonjwa wangu. Kuharisha kulikuja baadaye.

Mjukuu wangu alipopata kipaimara nilichinja mbuzi. Watu walikula, ikabaki sufuria kubwa ya nyama na mchuzi wake. Mke wa mwanangu, ambaye ndiye anayenipikia tangu mama watoto alipotangulia, mumewe akiwa kazini mbali, akataka kuigawa kwenye vyombo vidogo ipoe haraka, na kabla ya kuliwa tena ichemshwe mpaka itokote. Alifundishwa kliniki. Nikamwambia aiache palepale juu ya mafiga. Lushoto hii ya baridi anahangaikia kupoza nini, mlima wenyewe si friji? Wageni wakacheka, nami nikanogewa. Kuhusu kuchemsha, nikamuuliza kama kuni ni za kwao.

Asubuhi akaenda shambani kung'oa karoti. Mimi nikawapakulia ndugu waliolala kwangu, kwa mkono wangu huu. Nyama hainuki, rangi ni ileile, tena ina uvuguvugu. Nikasema hiyo ndiyo raha yake.

Jioni nyumba nzima inagombania choo. Chekeni tu. Ila dada yangu mkubwa hakuwa wa kuchekwa. Alitapika na kuharisha mpaka macho yakarudi ndani, hata kuitikia hawezi. Jirani akatoa gari lake la kabichi, tukamlaza humo kwenda zahanati. Mke wa mwanangu ndiye aliyemshika kichwa njia nzima. Yeye alikuwa mzima, kwa sababu hakuigusa ile nyama.

Ndugu zangu, nawaambia, kiburi kikitafuta mtu wa kumtwisha kosa hakiendi mbali. Pale uwanjani pa zahanati, watu wamejaa, na wengine mpo humu, nikamuuliza:

"Mbona wewe peke yako hukula? Umetuwekea nini?"

Alimfuta dada yangu mdomo, akakaza kitenge chake, na kesho yake akaenda kwao Rangwi. Dada akapona. Neno langu ndilo halikupona. Lilishuka mpaka sokoni, watu wakaanza kuambizana kwamba chai ya mkono wa yule mwanamke haipokelewi. Nilisikia, nikanyamaza. Huko kunyamaza kunaniaibisha kuliko lile neno.

Nikabaki na matofali yangu. Nikajipikia maharage ya kutosha, nikayaacha kwenye mafiga kama nilivyozoea, kesho yake nikayala hivyohivyo. Nikaugua tena. Nimeshika ukuta wa choo, natafuta wa kumshitaki, na mle ndani tulikuwa mimi na sufuria tu.

Zahanati muuguzi akanitazama kwa kuchoka.

"Mzee, nilikwambia ile siku ya dada yako. Baridi iko nje. Jikoni kwako kuna makaa. Sufuria kubwa ikikaa vuguvugu usiku kucha vijidudu vinazaliana, na pua yako haiwezi kuvinusa."

Siku ile alipokuwa akisema nilimpa mgongo.

Nilikwenda Rangwi na mshenga wa ile ndoa, maana peke yangu nisingefika mlangoni. Wakanipa kiti, wakanipa chai. Nikaomba radhi nikitazama sakafu. Mama wa binti akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mzazi mwenzangu, mwanangu ulimtukana uwanjani, radhi unamwomba sebuleni?"

Ndiyo maana mnaniona hapa.

Namshukuru jirani wa gari, na muuguzi ambaye hakunifukuza. Namshukuru mshenga, na dada yangu, ambaye tangu mwanzo alisema yule binti hana kosa nami nikamwambia homa imempanda. Na nyinyi wenye sufuria kubwa, baada ya sherehe gaweni chakula kipoe upesi, mkifunike, mkipashe mpaka kitokote kweli. Mkikitilia shaka, kimwageni. Msiugeuze mlima huu kuwa friji kwa ubahili wa kuni.

Mwanangu, mke wa kijana wangu, umekaa karibu na mlango na mama yako, nimekuona. Hukutuwekea kitu. Nyama niliilaza mimi, nikaipakua mimi, na wewe ulinikataza. Ukirudi, jikoni neno lako ndilo neno. Usiporudi, sitakulaumu. Ila kuanzia leo, waliopo humu wakawaambie na wasiokuwepo: huyu akikupa chai, pokea unywe.