Nesi wa Marafiki Wasioonekana

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyezungumza kwa sauti ya chini, na vijana wakamsikia. Ni muuguzi wa ushauri wa vijana katika kituo cha afya, aliyefariki wiki iliyopita baada ya kuugua. Wengi walimwita Nesi Rafiki.

Jina hilo alilipataje? Alipoanza kazi, chumba chake kilikuwa kitupu. Vijana walifika mpaka getini, kisha wakageuka. Kwa nini? Swali hilo halikumpa usingizi. Siku moja akavua sare, akakaa kwenye benchi la nje ili aone wanachokiona wao. Akakiona. Mlango wake ulitazamana na foleni ya kliniki ya watoto. Jirani, shangazi, mama mwenye duka, wote wamekodoa macho. Akaomba ahamishiwe chumba cha pembeni, karibu na maabara.

Vijana wakaanza kuingia. Ila cha ajabu, hakuna aliyekuwa mgonjwa. Kila mmoja alileta habari za rafiki. Rafiki ana kidonda. Rafiki hajaona siku zake. Nesi hakuuliza rafiki huyo ni nani. Narudia, hakuuliza. Alijibu tu, "Mwambie rafiki yako," kisha akaeleza kipimo kipi, dawa ipi, aende kwa nani.

Binti yake anacheka akikumbuka. "Hata mimi niliwahi kumpelekea rafiki, tena jikoni. Mama akamsaidia vizuri, halafu akasema, mwambie na yeye aje mezani, chakula kinapoa."

Lakini alasiri moja desturi hiyo nusura imponze. Aliingia kijana aliyekuwa akijifunza useremala. Jasho linamtoka, ameegemea ukuta.

"Nesi, nina rafiki yangu. Korodani moja inamuuma vibaya, imeanza ghafla mchana huu. Ametapika."

Nesi akashtuka, ila usoni hakuonyesha. Alijua korodani huweza kujisokota ikakosa damu, na upasuaji ukichelewa, inaharibika moja kwa moja. Akisema "ni wewe," kijana atakimbia. Akinyamaza, atarudi nyumbani kumeza vidonge vya maumivu.

"Yuko wapi huyo rafiki?"

"Yuko... kwao."

"Basi aje hospitali kubwa sasa hivi. Mimi na wewe tutangulie, tutamkuta hukohuko."

Kijana akamtazama. "Na asipokuja je?"

"Atakuja, mwanangu. Sisi tutangulie."

Wakapanda teksi. Njia nzima walizungumza habari za mbao, huku kijana amejikunja kwenye kiti. Pale mapokezi karani akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

Jibu Nesi alikuwa nalo mdomoni, lakini halikuwa lake. Karani akauliza tena.

"Ni mimi," kijana akasema.

Alipasuliwa jioni ileile, wakawahi. Leo ana karakana yake na watoto wawili. Ametuambia hivi: "Ningeulizwa mapema kama ni mimi, ningeapa kwamba siyo. Pale mapokezi nilikuwa nimechoka kumsingizia mtu."

Tulimuuliza mdogo wa marehemu, je, dada hakuchoka na uongo ule? Akajibu, "Dada alisema ule si uongo. Ni mtoto anapima kina cha maji kwa mguu mmoja."

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa wauguzi wenzake, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awatie nguvu, naye marehemu apumzike kwa amani.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujitazame. Huenda leo mtoto wako, au mdogo wako, akaja kukaa karibu nawe na kuanza kukusimulia matatizo ya rafiki yake. Zima redio. Muulize huyo rafiki anaumwa wapi.