Anselme Pigeaud na Herufi Iliyopinduka

Ndugu na majirani, fungeni mlango huo kwanza. Anselme Pigeaud, ambaye leo tunamuaga bila mwili, maana waliutupa shimoni pamoja na wengine, alizaliwa Orléans tarehe 3 Machi 1763, mama yake akafa siku hiyohiyo, akalelewa na bibi yake Perrine, ambaye hakuwa na subira lakini alimkuza. Alisoma miaka minne kwa padri, na mwaka 1777 akaja hapa Paris pamoja na bibi yake kujifunza kupanga herufi za madini ya risasi kiwandani kwa mchapaji, kazi aliyoifanya hadi mwisho. Tarehe 14 Mei 1787 alimwoa Geneviève, mshona vitabu, wakajaliwa binti mmoja, Colette.

Agosti 1789 alipanga kwa mkono wake lile tangazo la mapinduzi la haki za binadamu, akaja nalo nyumbani wino haujakauka, akasoma mpaka supu ikapoa, kwamba watu huzaliwa huru na sawa, na sasa itatawala akili, si wafalme.

“Na mkate utashuka bei?” bibi akamuuliza.

“Bibi nawe, tumbo tu!”

Siku hiyo alimfundisha bibi yake herufi moja, n, akamwonyesha kwamba ukiipindua inakuwa u.

Kufikia mwaka 1792 sumu ya ile risasi ya herufi ilikwisha kumwingia mwilini, mikono ikawa inatetemeka, na tarehe 9 Juni 1794 alipokuwa akipanga bango la serikali lenye maneno “Kuna haki kwa wote”, n moja ikakaa kichwa chini, likabandikwa mtaa mzima “Kuua haki kwa wote”, watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, akashtakiwa kuikejeli serikali.

Mahakamani bibi yake alisimama akasema, “Bwana hakimu, ile ni n.”

“Hapa hakuna bwana, kuna raia. Na hapa tunahukumu kwa akili.”

“Basi raia, itumieni.”

Alikatwa kichwa tarehe 24 Juni, ambayo wao wanaiita tarehe sita ya mwezi katika kalenda yao mpya ya mapinduzi, akiwa na miaka thelathini na mmoja.

Tunamshukuru daktari aliyeandika cheti cha ugonjwa wa mikono yake, ambacho mahakamani hakikufunguliwa, majirani mliomlisha Colette, na wachapaji wenzake mliobandua mabango, ingawa mlichelewa. Ile herufi n ya risasi bibi anayo mfukoni, na kila akiitoa hajui juu ni wapi.

Lala, Anselme, mikono yako sasa imetulia.